Shemeji wa Gudele Kwanza

Kampuni yetu ya malori pale Juba ilipanga redio koli zake kama watu wanavyopanga viti vya harusi. Sauti kutoka kituo cha Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, haikufika ofisini moja kwa moja; alihitajika mtu wa kati aipokee na kuirudia. Mudir, mkubwa wetu, aliwachagua watu wa kati kwa heshima zao: kwanza shemeji yake wa Gudele, kisha mzee wa kanisa lake. Kwamba Gudele iko magharibi na Nesitu iko kwingine kabisa halikumsumbua.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye redio. Kwa mwezi mzima nilimuuliza kila mwenye redio maswali mawili asubuhi: unaisikia Nesitu? Unatusikia sisi? Kati ya majibu mawili niliandika lile baya zaidi, maana anayesikia upande mmoja tu hapitishi neno. Aliyeshinda kila siku alikuwa mama Mganda aliyeuza vipuri kwenye mwinuko wa Lemon Gaba.

Mudir alisoma daftari akacheka. "Huyu wa plagi na filta ndiye apitishe maneno yangu?"

Uhuru ulikuwa bado mpya vita vilipoanza. Risasi zililia mjini, simu zikafa. Kaka yangu, dereva wetu, alikuwa ametoka Nimule, mpakani na Uganda, na lori la vitunguu. Asiposimamishwa Nesitu angeingia katikati ya mapigano. Nilimwita shemeji, kama ilivyoagizwa.

"Kwanza salamu," alisema. "Watoto hawajambo? Ova."

"Mwambie dereva wa vitunguu asimame Nesitu. Ova."

"Nesitu siisikii leo. Jaribu mzee. Ova."

Leo! Hakuwahi kuisikia hata siku moja. Nikamruka yeye na yule mzee wa kanisa, nikamwita mama wa vipuri.

"Mimi iko nasikia nyinyi tangu salamu," alisema. "Nimeshaambia Nesitu waweke pipa katikati ya barabara. Kaka yako iko hapo, anatukana pipa. Ova."

Kaka alikaa Nesitu mpaka vitunguu vikaota. Njia ilipofunguka, vichache vilivyopona alimpelekea yule mama.

Mudir hakuuliza habari za dereva. Aliniandikia barua ya onyo kwa kumruka shemeji, na shemeji akafungiwa antena ndefu kuliko zote, ili asikie vizuri. Nadhani sasa anaisikia Gudele yote.