Barua Isiyofungwa, Kutoka Kisangani Hadi Bunia

Ukiwa Bunia, jioni unatafuta nguo ya mikono mirefu hata wakati wa kiangazi. Ukiwa Kisangani unalala sakafuni kwa sababu saruji ndiyo kitu pekee chenye baridi ndani ya nyumba. Nimeishi katika miji yote miwili, mmoja kwa kuzaliwa na mwingine kwa chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kunishawishi kwamba ni ya nchi moja. Bunia iko juu, kwenye upepo na vumbi jekundu. Inakula maharagwe, viazi na maziwa, na uso wake unaelekea mashariki, kwenye ziwa na Uganda, kunakotoka chumvi, sabuni na betri. Kisangani imekaa chini, ukingoni mwa mto mkubwa. Inakula wali na sombe, yaani majani ya muhogo, inasafiri nyuma ya baiskeli za kukodi zinazoitwa toleka, na inaangalia magharibi, kunakotoka meli. Kule Kilingala ni lugha ya soko. Kwetu Bunia, miaka ile ya vita, ukikisema barabarani watu walidhani wewe ni askari.

Kati ya miji hiyo kuna kilomita kama mia saba za msitu. Baba yangu, fundi wa malori, alisema kwamba wakati wa ujana wake safari ile ilikuwa ya siku mbili. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini basi nchi nzima ya watu wazima iliiacha barabara ife. Aliniambia nimpe ufunguo namba kumi na saba.

Vita vilipokolea zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ndege ndogo za mizigo, ambamo abiria alikaa juu ya magunia. Baba alipanda moja kwenda Kisangani kutafuta pampu ya injini, safari ya wiki moja. Wiki hiyohiyo mapigano yalifika kwenye kiwanja chetu cha ndege na safari zikakoma. Mimi nilikuwa nyumbani, mtaa wa Ngezi, pamoja na mama, kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa.

Njia ya pili ilikuwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli. Wenye kinga hawakuzipanda. Walifunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakapakia mzigo unaozidi uzito wao wenyewe, wakausukuma wakitembea: chumvi na sabuni kwenda, mafuta ya mawese kurudi. Wachache walimaliza njia nzima. Wengi walikutana katikati ya msitu, wakabadilishana mizigo, kila mmoja akageuka kwao. Barua nazo zilibadilishwa hivyohivyo.

Barua hizo hazikufungwa. Bahasha iliyogundishwa ilikuwa hatari kwenye kila barrière, kizuizi cha barabarani, maana askari aliona ndani yake siri za adui. Lakini wenye kinga walikuwa na sababu yao pia. Mwenye kinga aliyekabidhiwa barua alisomewa mara kadhaa mpaka aijue kwa kichwa. Karatasi ikioza kwa mvua, mdomo utafika. Niliposikia habari hiyo nilicheka. Chuoni nilikuwa nimeandika kazi nzima kuhusu jinsi neno linavyoharibika kila linapopita kwa mtu mwingine.

Barua ya kwanza ya baba ilifika baada ya miezi miwili. Ilikuwa na mistari mitatu: yeye ni mzima, tutoke Bunia, tumngoje Komanda, pale barabara ya Kisangani inapokutana na ya kwetu. Mama alianza kufunga vitu siku hiyohiyo. Mimi nilimzuia, kwa sababu mwandiko haukuwa wa baba.

"Miye niliolewa na mwandiko?" mama aliuliza, akiendelea kukunja blanketi.

"Mtu yeyote anaweza kuandika hivi, mama. Tukitoka, nyumba imekwenda. Na hiyo njia ya Komanda unaijua."

"Mutu yeyote atanitafutia nini, muzee kama miye?"

Nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilikuwa na diploma. Nilichukua karatasi nikaandika swali moja ambalo baba peke yake angeweza kulijibu: mguu wa nne wa meza yetu umetengenezwa kwa nini? Nilimpa mtu wa kinga aliyekuwa akiondoka asubuhi. Mama alisoma kwanza, kwa kuwa haikufungwa.

"Askari wa barrière anaomba watu karte ya utambulisho," alisema. "Na weye sasa unaomba baba yako karte."

Hata hivyo alikubali kungoja. Tulingoja wiki tano. Majirani wa kushoto waliondoka, kisha wa kulia. Milio ya risasi iliyokuwa mbali ilianza kusikika upande wa mtaa wa Saio. Kila asubuhi nilimwona mama akikagua yale mafurushi aliyokuwa hajayafungua, na nilijua kwamba akipatwa na jambo ndani ya nyumba ile, litakuwa ni kwa ajili ya swali langu.

Siku moja adhuhuri mtu aliegemeza kinga kwenye ukuta wetu. Alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, miguu imejaa matope makavu, na madumu ya mawese yamefungwa pande zote. Alisema aliwahi kuchimba dhahabu, akaona heri kusukuma. Hakuwa na karatasi.

"Mama, niko na maneno ya muzee wenu," alisema. "Karatasi iliingia mu maji, kwenye daraja ya kule Epulu. Lakini maneno iko."

"Ulimwona kwa macho?" nilimuuliza.

"Hapana, yaya," alisema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Mwenye alimuona aliishia Bafwasende, akapatia mwingine. Ule akanipatia miye. Siye watatu."

"Basi huwezi kujua kama ni yeye."

"Kujua, siwezi. Kusema, naweza."

Alisimama wima kama mtoto wa katekisimu na kufumba macho. "'Niko muzima. Kidole ya kuandikia ilivunjika, ndiyo maana mwengine alishika bik. Mutoke Bunia. Muningojee Komanda.'" Akafumbua macho. "Sasa hapa kuna neno. Nisamehe, mama. Ni tusi."

"Ya nani?"

"Ya huyu yaya."

"Sema. Ameistahili."

Akafumba tena. "'Mwambieni ile mbuzi ya diplome, resori ya meza itamuvunja goti mbele ya vita kumufikia.'"

Mama alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mguu wa nne wa meza yetu ulikuwa resori, yaani springi, ya lori bovu. Baba aliufunga kwa bolti baada ya mchwa kula ule wa mti, na ncha yake ilitokeza nje. Tangu utoto nilikuwa na alama ya resori hiyo chini ya goti la kulia.

Yule mtu alituangalia kwa wasiwasi. "Iko vile? Maana siye hatukuelewa kitu. Pale Epulu mwenzangu alisema tutoe hii ya resori, ni homa ya muzee ndiyo iliongea. Nikamwambia hapana. Kama ni ya homa, iende na homa yake."

"Na tusi? Kwa nini hukulitoa?"

"Si yangu," alisema.

Mama alimpa maharagwe na viazi, na maziwa yote tuliyokuwa nayo. Alikula haraka, akaomba maji ya kunawa, akaondoka kupeleka mafuta yake. Sikumuuliza jina. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Kesho yake tuliondoka. Tulitembea siku tatu, mama akipumzika kila penye kivuli, na hakuna aliyetugusa. Tulikuwa Komanda siku ya nne chini ya hema la plastiki wakati jirani mmoja alipofika na kusema kwamba Ngezi imeingiwa na wapiganaji, na nyumba yetu haina tena mlango wala bati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamkaribisha akae.

Baba alifika siku ya kumi na moja, katika mstari wa watu wa kinga, akisukuma mafuta ya mtu mwingine. Walikuwa wamekubali kusafiri naye kwa sharti kwamba asukume kama wao. Alikuwa amekonda, kidole cha shahada kimepona kikiwa kimepinda.

"Pampu iko wapi?" mama alimuuliza.

"Ilibaki kwa askari. Waliipenda sana."

Nilimuuliza alimpa nani yale maneno. Hakujua. Alisema alimpa wa kwanza aliyekuwa anatoka siku ile. Kwa hiyo wa kwanza sijui ni nani, wa pili sijui, na wa tatu, yule wa kofia, nimemuulizia tangu siku hiyo bila kumpata. Bado siamini kwamba maneno yanaweza kupita midomo mitatu bila kuharibika. Kazi yangu ya chuo ilipata alama nzuri na ninaona ilizistahili. Lakini watu watatu wasiotufahamu walipokezana msituni neno wasilolielewa, wawili wakalibishania, wakaliacha lilivyo, na wiki ile mama yangu hakulala Ngezi.

Baba alilala mchana kutwa, mdomo wazi, mama akimfukuzia nzi. Mimi nilikwenda kusimama barabarani, na kila kinga iliyopita nilimwambia mwenyewe aksanti. Wengi waliitikia kwa kichwa tu. Mmoja, aliyekuwa amekwama mwanzo wa mlima na magunia yake, aligeuka akaniangalia.

"Aksanti ya nini? Sukuma basi."

Nikaweka mikono nyuma ya mzigo, nikasukuma mpaka juu.