Mama Hashauriki

Kakao ikivundikwa kwenye majani ya migomba hutoa harufu ya siki na ya tunda lililoiva kupita kiasi, na mtu aliyekulia Ndandalo haihesabu kuwa ni harufu. Kwake ndiyo hewa. Baba yangu alifariki katikati ya msimu wa kakao, na kwa siku tatu hakuna aliyekumbuka kuigeuza, ikavunda vibaya uani huku waombolezaji wakiziba pua kwa khanga. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Lusekelo alikuwa na miezi mitano, na maziwa ya mama yalikuwa yamekatika tangu homa iliyomshika baada ya kujifungua. Kilichomweka mtoto hai ni Mwezi, ng'ombe wetu pekee, mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Kila asubuhi mama alimkamua, akachemsha maziwa, akayapooza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe, kisha akamnywesha Lusekelo kwa kijiko, tone kwa tone, na yule mtoto alimeza kwa pupa hadi tukacheka.

Msiba kwetu Kyela si jambo dogo. Watu hutoka Mwaya, hutoka Matema, hutoka hata ng'ambo ya milima, wakalala siku kadhaa na kula siku zote hizo, na heshima ya marehemu ilipimwa kwa nyama. Siku ya pili baba mkubwa, kaka yake baba na msemaji wa ukoo, aliingia chumbani ambamo mama alikuwa amekalishwa mkekani na wanawake wenzake. Hakukaa. Akasema jioni ile Mwezi atachinjwa, kwa maana mtu mzima hazikwi kwa maharage. Mama aliinua uso. "Shemeji, nakuomba. Chukueni kuku wote, chukueni na mchele wote wa ghalani. Huyu ng'ombe ndiye anayemnyonyesha mtoto." Nilikuwa nimekaa nyuma yake nimempakata Lusekelo, na nilidhani jambo limekwisha, kwa sababu sikuona mtu mwenye akili angejibu nini tena.

Walikuwa na mengi ya kujibu. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, lakini wageni walikuwa wa kila namna, hivyo mama alihukumiwa kwa Kiswahili, na ndivyo nilivyojifunza sehemu hii ya lugha. Kwanza alikuwa mbishi, na hilo walilisema wakitabasamu, maana mbishi bado ni mtu wa kubembelezwa. Kicheko kilipokwisha akawa mkaidi, na shangazi mmoja akamkumbusha kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, sisi watu wa kanisani ambao hata Idi hatukuwa nayo. Kisha akawa jeuri, neno ambalo likitamkwa unatazama kama msemaji ameshika fimbo. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akasema kwa upole kabisa, "Mwacheni, huyu mama hashauriki." Hilo ndilo lililomwangusha. Mbishi wanabishana naye, mkaidi wanamwonya, jeuri wanamfokea, lakini asiyeshaurika hana wa kusema naye tena. Kuanzia hapo wanasema juu yake tu. Walitoka nje wakapanga, na mjane kwa desturi yetu hatoki mkekani.

Kilichoniudhi wakati ule, na kinaniudhi hadi leo ninapoandika, ni kwamba baba mkubwa alikuwa na ng'ombe watatu kwake. Kijana mmoja wa ukoo alithubutu kupendekeza achinjwe mmoja wao. Baba mkubwa akakataa pale pale: wale ni wa mahari ya mwanawe, hawaguswi. Hakuombwa mara ya pili. Hakuna aliyemwita mbishi wala mkaidi. Wazee waliitikia kwa vichwa, kwa heshima, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ndugu yetu ana msimamo." Kukataa ni kule kule! Mmoja alikataa kwa ajili ya harusi ambayo haijapangwa, mwingine kwa ajili ya mtoto aliyekuwa mapajani mwangu akinyonya kidole. Jioni Mwezi alichinjwa nyuma ya migomba. Niliila nyama ile. Nilikuwa na njaa, wakanipa ini, nikala, na hasira yangu nyingine yote huanzia hapo.

Baada ya hapo Lusekelo alikula uji mwembamba wa mchele. Majirani walisaidia walipoweza, kikombe cha maziwa leo, nusu kikombe kesho kutwa, na mama alishukuru kila mara, "Ndaga fijo," kwa sauti iliyozidi kufifia. Mvua kubwa zilipoanza mtoto alihara, akahara tena, na kabla barabara haijakauka akafa. Watu wale wale walirudi. Walikaa siku moja tu, wakala maharage bila kunung'unika, kwa sababu kwa mtoto mchanga hachinjwi ng'ombe.

Mwaka huu ukoo umefanya kikao. Mwana wa baba mkubwa, sasa naye ni mzee mwenye miwani na mwenyekiti wa kikao, alisoma azimio: kwenye misiba yetu tutakula wali na maharage, na ng'ombe wa maziwa hatachinjwa kamwe. Wakapiga makofi, wakamsifu kwa busara. Nyakati zimebadilika, walisema, kana kwamba nyakati hujibadilisha zenyewe. Mama alikuwa kando yangu. Akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama ukoo unaweza kusema kwamba siku ile ulikosea. Kikao kikaguna. "Mama Atupele," mwenyekiti akamjibu, "hayo yamepita. Tusiwe wakaidi." Mama akashusha mkono. Mimi nikasimama. Sikutukana, ingawa matusi nilikuwa nayo. Nilimwambia mwandishi aandike, chini ya azimio lao, jina la Lusekelo. Akamtazama mwenyekiti. Nikalitaja tena, herufi kwa herufi, na tena, wakanitazama kama walivyokuwa wakimtazama mama, na sikukaa mpaka nilipoona kalamu inakwenda.