Tulivyolitazama Jua kwa Eksirei ya Mama

Kiherehere nilizaliwa nacho. Mama alikuwa akisema nikikalia stuli, hata stuli inachoka. Agosti ile ya tisini na tisa, shule zimefungwa na redio inaimba kupatwa kwa jua tangu asubuhi, nilizunguka ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Mowlem, Nairobi, hadi nikafukuzwa mferejini mara mbili. Mtaalamu wa nyota alieleza redioni kwamba mwezi ungelifunika jua kipande tu, alasiri, na tusithubutu kulitazama kwa macho matupu. Majirani waliookoka walikuwa wakingoja mwisho wa dunia. Mimi nilitaka kuona tu kama yule mtaalamu angeumbuka, na mawingu nayo hayakutaka kubanduka.

Nilihitaji kitu cheusi cha kutazamia, na nilijua kilipo.

Chini ya godoro la Mama palikuwa na bahasha ya hospitali, ndani yake eksirei ya kifua chake. Alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu kimyakimya. Alikuwa kibarua wa kupanga biskuti kwenye maboksi kiwandani, na kibarua akijulikana ana kifua, kesho yake hapiti geti. Alinionya nisimwambie mtu. Nami sikumwambia mtu, niliitoa tu nje, yeye akiwa kazini. Akili gani hiyo, jamani!

Mawingu yakaachana. Nikaiinua, na kati ya mbavu za Mama nikaona jua limemegwa pembeni kama chapati. Nikapiga kelele, ploti nzima ikamiminika. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mfagiaji wa kiwanda kilekile, aliyekuwa nyumbani kwa kuwa yuko zamu ya usiku. Akaninyang'anya, akaikagua, akaibana pembeni kwa kidole gumba na kuinyanyua juu.

Kila mtu alitazama, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Wakamwita mchoyo. Walipouliza ni ya nani, akasema ni ya kaka yake wa ushago, kijijini kwao. Hapo ndipo nilipowaka kabisa. Kitu nimekitoa mimi, sasa kimekuwa cha kaka yake, na mimi niko kwenye foleni! Nilimvuta leso aliyojifunga kiunoni, akanisukuma kwa nyonga. Mkono wake ulikuwa umechoka na bado hakuushusha. Siku hizi najua hata eksirei haikingi macho, lakini siku ile nani angetuambia?

Jua liliporudi zima, watu wakarudi kufua. Jirani akanifuata ndani, akafunga mlango, ndipo akaondoa kidole. Chini yake, kwa herufi nyeupe, lilikuwa jina la Mama, lote.

"Rudisha ulipoitoa," alisema. "Mama yako asijue ilitoka."

Niliona aibu hadi nikashindwa kulia. Nikamuuliza, angalau, jua yeye alilionaje.

"Mimi? Sikuangalia," akasema, akijikanda bega, akaenda kujitayarisha kwa zamu.