Fortunata Akata Rufaa

Fortunata wa Chome aliomba ufadhili wa kusomea uzamili wa sheria za haki za binadamu. Wafadhili wakamjibu kwa adabu kwamba amekosa, na kwamba uamuzi wao ni wa mwisho. Maskini, hawakujua wanamwandikia Mpare. Kwetu mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na kuku mwenyewe alishaliwa zamani.

"Mama, nikate rufaa?"

Mama Ernesta aliacha kupalilia maharage. "Hilo nalo la kuuliza? Umekataliwa hata hujasikilizwa, halafu ukasomee haki za nani?"

Fortunata akapanda kilima chenye mtandao, akatuma rufaa. Wafadhili wakanyamaza. Akatuma nyingine, kulalamikia ukimya. Hatimaye wakampigia simu ya video, wakamuuliza kwa nini wamchague yeye.

"Nimeshaeleza," alisema. "Ila mkinikataa tena, safari hii naomba sababu."

Wakatazamana, wakacheka, wakampa ufadhili.

Mama Ernesta alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akapoa kidogo.

"Kwa hiyo, mwanangu, kesi ndiyo imeisha?"