Kikao Kilichofungwa Mkono Ukiwa Juu

Naikumbuka Jumanne moja ambayo jua lilitoka. Mwanangu, kwa mtu wa Karatu mjini hilo si jambo la kusimulia, lakini kule juu kwenye ukingo wa kreta, msimu wa mvua, jua likitoka ni habari. Nilikuwa dobi wa loji moja kule, nina miaka ishirini na sita, nimemaliza darasa la saba kijijini kwetu Kansay na shule ikaishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Ukungu unakaa siku nne, mashuka yananuka uvundo, halafu jua linachungulia kidogo na kuondoka. Ukilikosa, umelikosa. Nakueleza haya ili ujue nilikuwa natazama nini dirishani siku ile.

Kila Jumanne tulikuwa na kikao, wafanyakazi wote, kwenye ukumbi wa chakula, wageni wakishateremka kuangalia wanyama. Meneja wetu aliitwa Kweka. Namtaja. Miaka yote hii naambiwa nisimtaje, yamepita, Mungu ndiye atakayehukumu. Sawa, Mungu ahukumu, mimi nataja tu.

Kikao cha Kweka kilikuwa na mpangilio usiobadilika. Kwanza sala. Halafu Hilda wa mapokezi, ambaye ndiye alikuwa katibu, anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, wote, mpaka majina ya waliotoa udhuru. Tunauthibitisha. Yanafuata yatokanayo. Inafuata taarifa ya meneja, na hapo mtu aliweza kusinzia, akaota, akaamka na kukuta bado hajahama kwenye ile habari ya jinsi alivyosomea hoteli. Halafu taarifa za idara, jiko kwanza. Mwisho kabisa ndiyo mengineyo.

Mengineyo ndiyo yalikuwa yetu sisi wadogo: londri, bustani, walinzi. Ukimfuata Kweka na shida yako mlangoni anakwambia, "Iweke kwenye mengineyo." Na tukikaribia mengineyo anatazama saa yake na kusema, "Jamani, muda si rafiki." Nilifanya kazi pale miaka minne. Tulifika mengineyo mara mbili, na mara moja kati ya hizo Kweka alikuwa likizo.

Jumanne ile mgeni mmoja alikuwa ameandika kwenye kitabu cha maoni kwamba loji aliyotoka, napkini zilikunjwa kwa umbo la ndege. Basi. Kweka alisimama mbele yetu na kitambaa mkononi.

"Bata au tausi?" akauliza. "Nataka mawazo. Hiki ni kikao shirikishi."

"Tausi mkia wake utaangukia kwenye supu," mpishi mkuu akasema.

"Nani kataja supu? Supu iko ajenda namba sita."

Emiliana, mwenzangu wa londri, aliyekuwa amekaa kiti kimoja na mimi kwa sababu viti havikutosha, akaninong'oneza, "Akunje nyati basi, hao tunao." Nikaingiza uso kwenye khanga nikacheka.

"Wale wa londri!" Kweka akapaza sauti. "Mna la kuchangia?"

"Hapana bosi," Emiliana akajibu, uso mkavu kabisa. "Sisi tunaafiki bata."

Nataka uelewe kwamba ule utani wa nyati haukutoka hewani. Nyuma yetu, ameegemea ukuta, alisimama mlinzi wetu, mzee Lemburis, Mmaasai wa Arash, mtu wa maneno machache na Kiswahili cha kuchagua. Asubuhi ile alikuwa ametukuta kwenye kamba za nguo akatuambia kuna dume la nyati, limezeeka, limefukuzwa na wenzake, siku ya tatu sasa linalala pembeni ya njia tunayopita kutoka kota za wafanyakazi kwenda kazini. Alikuwa ameona nyayo na kinyesi kibichi. Alichotaka ni kitu kidogo: gari la loji litubebe asubuhi, mwendo wa dakika tano, mpaka askari wa hifadhi waje walifukuze. Alikuwa amemwambia Kweka. Kweka akamjibu unavyojua.

Kwa hiyo mzee Lemburis aliinua mkono tangu taarifa ya meneja. "Mzee, subiri mengineyo," akaambiwa. Akaushusha. Ilipofika supu akauinua tena. Hakuupunga, hakukohoa. Aliunyoosha tu, kama mtu aliyeshika kizingiti cha juu cha mlango.

Mara jua likatoka.

Nililiona kwenye kioo cha dirisha, na nikayaona na mashuka yangu, matenga sita, yamelowa tangu Jumamosi. Moyo ukaanza kunienda mbio kwa ajili ya mashuka, mwanangu. Mashuka ya watu ambao hata majina yao siyajui.

Kweka akatazama saa. "Jamani, muda si rafiki. Nani anatoa hoja tufunge?"

Siku zote mpishi mkuu ndiye aliyetoa hoja hiyo. Siku ile alikuwa amekasirikia supu, akanyamaza. Na mimi, ambaye kwa miaka minne sikuwahi kufungua mdomo kwenye kikao kwa sababu ya lile darasa langu la saba, nikasimama.

"Natoa hoja tufunge, bosi."

"Safi sana! Umeona londri wanavyochangamka? Nani anaunga mkono?"

"Naunga mkono," akasema Emiliana, "mashuka yetu yanaoza."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Tukainamisha vichwa kwa sala ya kufunga. Mimi sikufumba macho vizuri, nilikuwa nachungulia jua, na kwa pembe ya jicho nikamwona mzee Lemburis. Mkono ulikuwa bado uko juu.

Tulikimbia kwenye kamba. Yalikauka vizuri sana, yale mashuka.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni mkono wako. Emiliana alitangulia na beseni, anaimba kidogo kidogo ili wanyama watusikie, ndivyo tulivyofundishwa. Nilisikia kitu kama mtu anayepenga kamasi. Kuimba kukakatika. Halafu nikamwona amerushwa juu, na mimi nikatupwa, na nyonga yangu ikalia ndani ya mwili kama ukuni unaovunjwa kwa goti. Mzee Lemburis alitokea anakimbia na mkuki, anapiga kelele kwa Kimaasai, na lile dume likageuka likaingia msituni. Emiliana alikata roho wakati dereva bado anatafutwa. Gari lilikuwepo. Liliegeshwa palepale lilipokuwa jana yake.

Nililala hospitali miezi mitatu. Wiki ya pili akaja Hilda na machungwa na karatasi.

"Dada Paulina, pole sana. Nisainie hapa, ni mahudhurio tu ya kile kikao. Wachunguzi wanataka kumbukumbu."

Nikasoma. Mimi husoma polepole, na siku ile nilisoma polepole zaidi. Napkini zilikuwa na ukurasa mzima. Chini yake: mengineyo, hakukuwa na mengineyo. Kufunga kikao: kikao kilifungwa kwa hoja ya Paulina wa londri, ikaungwa mkono na Emiliana wa londri. Miaka minne ya vikao, na hiyo ndiyo mara pekee jina langu liliandikwa kwamba nimesema kitu.

"Hilda," nikamwambia, "mzee Lemburis alinyoosha mkono."

"Alinyoosha. Lakini hakusema. Mimi naandika yaliyosemwa."

Hilda namtaja pia. Na ukiuliza kama nilisaini, nilisaini. Nilikuwa nimelala chali, nyonga imefungwa vyuma, nikaona mtu wa mapokezi mwenye mwandiko mzuri hawezi kukosea.

Mzee Lemburis alikuja Jumapili moja. Alikuwa ameshuka kwa miguu mpaka geti la hifadhi, akapata gari, kaniletea maziwa kwenye chupa ya maji. Akakaa. Hakuniuliza habari za nyonga.

"Uliuona mkono wangu?"

"Niliuona, baba."

"Na ulijua nataka kusema nini."

"Nilijua."

Akageuka kutazama wagonjwa wengine. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Kweka simlaumu sana," akasema. "Kweka hajui nyati, anajua vitambaa. Wewe ulijua. Una mashuka yako, jua limetoka, sawa. Ungeinuka ukaenda kuyaanika. Kwetu kwenye kikao mtu akiwa na haraka anaondoka, hakuna anayemkasirikia. Lakini anaondoka na miguu yake. Haondoki na maneno ya mwenzake."

Alipoondoka niliyanywa yale maziwa yote, na sijawahi kunywa kitu kichungu kama kile.

Ujue na hili. Wiki ile ile ya msiba Kweka aliitisha kikao cha dharura. Kilichukua saa tatu nzima. Na mwishoni ikaamuliwa gari liwabebe wafanyakazi kila asubuhi, likaanza siku iliyofuata. Kumbe liliwezekana. Kweka mwenyewe akahamishiwa loji kubwa zaidi, na nasikia kule napkini ni tausi. Emiliana alizikwa kwao, Kansay hukohuko, nami sikuwepo kumzika.

Leo nachechemea, nasimamia usafi kwenye nyumba moja ya wageni hapa Karatu, na chini yangu wako wanawake saba. Na wewe, mwanangu, nasikia umepewa idara, umeanza kuitisha vikao, umenunua na kalamu. Basi nisikilize, maana haya sikuyapata kwenye semina.

Anza na mengineyo. Kabla ya salamu ndefu, kabla ya muhtasari, uliza: kuna kitu kinachoweza kumwumiza mtu leo au kesho? Halafu nyamaza. Nyamaza mpaka uone aibu, maana mtu mwenye jambo zito haropoki. Mimi husimama na wanawake wangu kwenye chumba cha pasi, hatuweki viti, na aliyeanza kazi juzi ndiye anayesema kwanza. Bosi akishasema, wengine wote wanaafiki bata. Nami husema mwisho, tena kidogo. Mambo ya urembo, ya vitambaa na maua, tunayamaliza wawili watatu tunaohusika, hatuwafungii watu wengine ndani kwa ajili hiyo.

Mwenye kazi inayomngoja, mruhusu atoke. Usimfanye achague kati ya kazi yake na mdomo wa mwenzake, kwa sababu atachagua kazi, na hatakuwa mtu mbaya, atakuwa mtu aliyechoka kama nilivyokuwa mimi. Likikubaliwa jambo, andika nani atalifanya na lini, na usome kwa sauti mbele yao kabla hawajatawanyika. Asiyepata nafasi ya kusema, andika kwamba hakupata, na jina lake, na umtafute siku hiyohiyo, usingoje Jumanne nyingine. Na lile neno la muda si rafiki usiliseme mbele yangu kamwe. Muda ulikuwepo. Tuliutumia kukunja bata.

Na kama siku moja wewe siye unayeongoza, ni wa kiti cha nyuma kama mimi, na shule yako fupi, hapo ndipo naomba unisikilize zaidi. Siku yako ya kwanza kusimama kwenye kikao, usisimame kukifunga. Simama useme, "Bosi, mzee yule ana neno." Maneno matano. Mimi nilikuwa nayo yote, nayajua, hayahitaji shule.

Kweka ana lake, Hilda ana lake, na mimi nina langu, nalibeba kila nikipanda ngazi.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe subira ya kumsikiliza anayechelewa kupata maneno, na akuondolee aibu ya kumsemea. Akulinde na ukungu wa asubuhi. Na kila jioni, ukiwatazama wenzako wanavyojipanga kurudi makwao, akujalie uwahesabu na uwakute wametimia.