Nyuzi Alizoziacha Zimekaa

Mimi kupiga gitaa sijui, nisiwadanganye. Lakini gitaa la mume wangu lilikuwa halipigiki bila mimi. Mnacheka? Chekeni, halafu mnisikilize.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kiwanda cha korosho pale Lindi, na kiwanda kilikuwa na bendi yake. Sikukuu zikifika anapanda jukwaani na gitaa la umeme, jekundu, lina pembe mbili kama mbuzi, anapiga mpaka watu wanasahau walikovulia viatu. Sasa lile gitaa mali ya kiwanda, siyo lake. Kiwanda kilipofungwa likaja lori, likabeba mashine, likabeba na ngoma na spika na gitaa. Yeye kasimama getini anaangalia tu. Jioni hakula. Mimi nikadhani analilia kazi.

Halafu ndiyo ikaja ruksa, kila mwenye biashara alete na auze atakacho. Maduka tuliyozoea kuona rafu tupu yakajaa vitu mpaka barazani: redio, mitumba, sabuni za kunukia. Mtaani kwetu, Mtanda, palikuwa na mwenye duka mmoja analeta bidhaa toka Dar es Salaam. Siku moja mume wangu katoka na baiskeli, karudi kwa miguu, kakumbatia gunia kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Baiskeli iko wapi?"

"Hii hapa, mama watoto."

Akafungua gunia. Gitaa jekundu, pembe mbili! Jipya kabisa, ila limetengenezwa kwa mtindo wa yale ya zamani, hata rangi wameipausha makusudi.

"Ebo! Jipya halafu wamelizeesha? Si ungekaa ukanitazama mimi, niliyezeeka bila kutengenezwa? Umetoa miguu, umeleta kelele!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimeyaona meno yake.

Akawa analichomeka kwenye redio kaseti yetu, umeme ukiwepo. Kila jioni kabla hajapiga lazima azikaze nyuzi. Sasa sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa spika za bendi, la pili nalo linababaisha. Basi yeye anakaa uani, mimi niko jikoni nakuna nazi. Anagonga uzi, anauliza, "Mama watoto, imekaa?" Nasema, "Bado, panda kidogo." Anazungusha kile kisikio cha kukazia. "Imekaa?" "Umepitiliza, shuka." Mpaka niseme imekaa, ndipo anaanza kupiga. Mimi shule niliishia kujua kuandika jina langu, lakini ule mlio ulikuwa kichwani kwangu kama sauti za wanangu.

Alikuwa na binamu yake kule kijijini Milola, mtoto wa shangazi yake, na kwetu mabinamu ni watani. Huyo akija hata maji hajanywa kashaanza: "Bwana wewe, ukifa gitaa nachukua mimi. Mke nakuachia, anasema sana."

"Utalipigia nini, vidole vyenyewe vya kuchimbia mihogo?" mume wangu anamjibu.

Basi mume wangu akashikwa na homa, tukampeleka hospitali, akarudi amefunikwa shuka. Jioni ya mwisho kabla homa haijamlaza nilikuwa nimemwambia imekaa, akapiga kidogo, akaliegemeza ukutani. Hakuligusa tena.

Nikaingia eda. Niko chumbani na kaniki yangu, na bibi mmoja wa kunikalisha eda. Uani wamejaa waliotoka mazikoni. Yule binamu wa Milola, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, kavaa kofia ya marehemu, kalitundika gitaa shingoni kwa kipande cha kanga, anamwigiza. Anatembea vilevile, anakohoa vilevile. Watu machozi yanawatoka kwa kicheko. Kisha nikasikia kagonga uzi, kaita kwa sauti ya mume wangu hasa:

"Mama watoto, imekaa?"

Nami huko chumbani, wanangu, mdomo ukanitoka wenyewe: "Imekaa, baba!"

Bibi wa kunikalisha akaniziba mdomo kwa kiganja, maana sauti ya mwenye eda haitakiwi kusikika nje. Halafu kule uani mtu mmoja akaangua kilio, wakafuata wote, na mtani mwenyewe akalia na kofia yake kichwani.

Alipoondoka akaondoka na gitaa. Kwetu kitu alichobeba mtani msibani hakidaiwi, unangoja arudishe kwa hiari yake. Mimi siwezi kutoka, siwezi kutuma mtu. Eda nzima naomba jambo moja tu: asiguse vile visikio. Zile nyuzi zibaki pale nilipomwambia mwenyewe zimekaa. Hilo tu.

Eda ikaisha, nikaogeshwa, nikavaa nguo nyingine. Mtani akaja, gitaa limefutwa linang'aa, kachangamka.

"Shemeji, nimekurudishia mali yako. Zile nyuzi zilikuwa zimeshika kutu, nimezitupa. Nimekutilia mpya!"

Nimgombeze vipi? Mtu katoka Milola na furaha yake. Nikasema, "Ahsante, shemeji," nikaingia jikoni nikashika mbuzi, nikakuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

Nadhani aliniona mgongo. Nikasikia uani anagonga uzi, taratibu. Safari hii hakuigiza mtu, aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, ya woga kidogo:

"Shemeji... imekaa?"

Nikaendelea kukuna. Akagonga tena.

"Bado," nikasema. "Panda kidogo."

Akapanda. Nikamwambia umepitiliza, akashuka. Uzi kwa uzi, mimi na nazi yangu, yeye na vidole vyake vya mihogo, mpaka ule wa mwisho. Akazigonga zote kwa pamoja, na ule mlio ukarudi uani kwetu, vilevile mume wangu alivyouacha.

"Imekaa," nikasema.

Nikaacha kukuna, nikangoja. Maana ukishasema imekaa, ndipo anaanza.

Mtani alikuwa hajui kupiga. Akalilaza gitaa mkekani, akaniomba maji ya kunywa.