Bendera Kwenye Chupa

Wiki jana nilikaa kwenye benchi la kliniki moja mjini Kitale, pale panapotolewa dawa za ukimwi. Nesi akatoka na kututangazia kwamba balozi wa nchi inayotupatia dawa hizo yuko njiani, na kwamba serikali yake bado haijaamua kama itaendelea kutoa pesa.

"Watapiga picha. Kila mtu ashike chupa yake, bendera ionekane."

Kando yangu mama mmoja alikuwa ametia mate kidoleni, anaikwangua karatasi ya chupa yake, yenye jina la dawa na bendera ya nchi hiyo, kwa ukucha, polepole, kama anayemenya kiazi cha moto. Wengi hufanya hivyo kabla ya kufika getini, ili huko nje isijulikane ni dawa gani.

"Mama, leo usibandue," nesi akamwambia. "Wageni wanataka kuona bendera yao."

"Sista, si balozi atarudi kwao na ndege. Mimi narudi Kiminini, kwa mama mkwe."

Akamaliza kubandua, kisha akampa nesi ile karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mumuonyeshe hii. Mimi mniachie tu dawa."

Nesi akaitazama karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha.

Anayetoa hutaka kuonekana, nami simlaumu. Ana wananchi wake wa kuwajibu. Picha imetoka gazetini, na bendera inaonekana vizuri kabisa. Yule mama hayumo. Natumaini huko Kiminini hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.